Namba Tasa, Foleshill

Saa kumi jioni Salha huja na begi lake,
hukaa juu ya kapu la shuka za hoteli,
miguu haifiki sakafuni. Mama yake kalala,
usiku anafunga vifurushi ghalani,
basi mtoto ni wangu mpaka nizime mashine.

Mimi nakunja. Nusu ya Coventry
imepita mikononi mwangu: jezi za buluu,
sare za wauguzi, taulo za kinyozi.
Mvua inaandika kiooni, inafuta, inaandika tena.

Juni ana mtihani. Maswali ishirini na tano,
kila swali sekunde sita.
Sekunde sita! Mimi hata shati silimalizi.
"Saba mara nane?" Anafumba macho, midomo inacheza.
Namwambia: tano, sita, saba, nane.
Hamsini na sita ni saba mara nane,
zimejipanga foleni zenyewe, kama Waingereza.
Akacheka. Hiyo haimtoki tena.

Tukaingia kwenye vipimo.
Kipimo cha mbili, tazama mkia: ukiwa shufwa, imepita.
Cha tano, mkia vilevile: sufuri au tano.
Cha tatu (jina langu hilo, nilizaliwa wa tatu)
achana na mkia, jumlisha viungo vyote.
Mashine ya dirishani ina namba mia nne sabini na moja.
Nne na saba na moja, kumi na mbili. Inagawanyika.
"Lakini kwa nini?"

Nikamwaga soksi mezani, zile zisizo na wenyewe.
Hesabu kumi, zifunge tatu tatu.
Imebaki moja.
Mia ukizifunga, hubaki moja. Elfu, moja.
Basi mamia manne yameacha soksi nne,
makumi saba yameacha saba,
na ile moja ya mwisho haikuwa na mtu toka mwanzo.
Tunachojumlisha ni mabaki, mwanangu.

"Na zile zisizokubali kipimo chochote?"
Hizo huitwa namba tasa.
"Tasa ni nini?"

Mashine ya tatu ikaanza kukamua maji,
meza ikatetemeka, nikaishika.
Vipimo nami nilivipima, miaka sita, hospitali ya Walsgrave,
barua zikija na dirisha dogo la plastiki
jina langu likichungulia.
Mume alihamia Leicester, akapata shufwa:
mapacha.

"Tasa ni asiyezaa," nikasema, nikakunja foronya
iliyokwisha kukunjwa.

Akafikiri. Zilipita sekunde sita, na nyingine.
"Saba ni tasa?"
Tasa.
"Lakini imezaa hamsini na sita."

Sikujibu. Akaendelea mwenyewe:
"Nyumba yetu tisini na moja. Mkia moja: si mbili, si tano.
Tisa na moja kumi: si tatu. Tasa," akaamua,
kalamu sikioni kama daktari.
Ngoja, nikamwambia. Cha saba hujakipima.
Kata mkia, uzidishe kwa mbili,
utoe kwenye kilichobaki.
Tisa, toa mbili.
"Saba!" Akateremka kapuni. "Saba mara ngapi?"
Kumi na tatu.
"Sisi jedwali letu linaishia kumi na mbili."
Ndiyo. Liliishia mlango mmoja kabla ya kwenu.

"Kwa hiyo waliikosea."
Waliacha kupima mapema.

Akaniangalia, kisha akaniuliza umri.
Hamsini na tatu. Akakata mkia, akajumlisha,
akanong'ona, akafuta kwa kiganja. Haikugawanyika.
"Wewe tasa, Bi Tatu," akasema polepole,
maana hakuwa mjinga.
"Lakini subiri mwakani. Hamsini na nne:
tatu, mara tatu, mara tatu,
na mbili ya kukusindikiza."

Kengele ya kikaushio ikalia.
Akaja kunisaidia shuka, tukashika pembe,
yeye mbili, mimi mbili,
tukakutana katikati.